Bomba Alilolikwepa Peres

Asubuhi moja mwaka wa 1974, Peres aliinua kifuniko cha tangi la maji ya mvua kama kawaida yake, akaruka nyuma akiziba pua. Maji yalinuka uvundo. Nusura atapike palepale uani, kwao Riruta.

"Labda kuna kitu kimeoza kwenye mabomba," mama alisema. "Ama ni kutu tu. Tukiyamwaga bure, tutakunywa nini na mvua imeisha?"

Shangazi Philister, aliyeandika programu za kompyuta katika ofisi moja mjini, aliyatazama mabomba yaliyopanda kutoka tangini yakigawanyika hadi kwenye mifereji ya paa.

"Huu ni mti," alisema. "Kompyuta tunaiamuru hivi: ukifika penye matawi, ingia moja moja. Ukikuta mengine ndani, rudia amri ileile. Ukifika mwisho, rudi na jibu, kipo au hakipo. Amri inajiita yenyewe hadi mti uishe. Peres, leo wewe ndiwe kompyuta."

Peres akapanda ngazi. Aliingiza mkono akapapasa bomba baada ya bomba, akisema, "Hakipo." Kisha akafika lile la nyuma ya jikoni. Mdomoni mwa bomba hilo funza weupe walijipindapinda katika ute mweusi. Wewe ungeingiza mkono humo? Sema kweli.

"Hakipo," Peres akasema, akashuka haraka.

"Basi, matawi yote yakisema hakipo, mti mzima hauna kitu," shangazi akasema.

Mama alifurahi kwamba ni kutu tu. Akayachemsha maji yale, akapika uji, akammiminia kwanza Odero, mdogo wake Peres, aliyekuwa ndio kwanza apone tumbo. Peres akiutazama uji aliona funza tu. Odero alipoinua kikombe, akampokonya.

"Usinywe. Mama, bomba la nyuma ya jikoni lina funza, ndani sikuliangalia. Lilinitia kinyaa, nikadanganya."

Mama alimwaga sufuria nzima. Peres alirudi juu, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akavuta panya aliyevimba, manyoya yakimbanduka. Akatapika. Kisha wote wakamwaga maji, wakasugua tangi, wakaenda kuomba maji kwa jirani.

"Kinyaa si kosa. Hata mimi ningetapika," shangazi alimwambia njiani. "Lakini mabomba yanapoungana hapana macho, panaamini tu jibu linalotoka ndani. Tawi moja likidanganya, mti wote unadanganya, na anayekunywa hajui. Siku nyingine ukishindwa, sema hujaangalia. Hilo nalo ni jibu."