Pengo Katika Tuta

Habari hii aliyeisimulia kwanza ni shangazi yangu Olwen, jikoni kwake, Februari 1971.

Yeye na kaka yake Ifor, baba yangu mkubwa, waliishi wawili tu kilimani, mpakani mwa Wales, chini ya tuta refu la udongo lililojengwa na wafalme wa kale. Serikali ilikataza lisiguswe. Novemba 1953 Ifor alilikata, upana wa trekta, apeleke nyasi kwa kondoo bila kuzunguka.

Kesho yake mbwa aligoma kuingia ndani.

"Ana viroboto huyo," Ifor alisema.

"Ana akili kukuzidi," Olwen alimjibu.

Kisha nyumba ikaanza kunuka udongo mbichi, hadi ndani ya mkate. Alasiri moja ya ukungu, Ifor akiwa malishoni, Olwen alisikia hatua zikipanda ngazi, nzito, za mtu mwenye matope miguuni, zikapita chumba chake, zikaingia kile cha marehemu wazazi wao, na kitanda kikalia polepole kama kinavyolia mtu anapojilaza baada ya safari ndefu.

Ifor alikonda. Akawa haongei mezani. Olwen akamwendea mganga, mzee Gethin, naye mzee akaahidi kuja Alhamisi kumtoa jini. Lakini mkaguzi wa mambo ya kale alikuwa anakuja Jumatano, na Ifor aliogopa jela. Jumanne akaliziba pengo, akapanda majani juu yake.

Mzee Gethin alipofika hakuvua kofia.

"Umeziba, Ifor?"

"Nimeziba, mzee. Hata mkaguzi hakuona kitu."

"Na yeye umemwacha upande gani?"

Juu, kitanda kikalia.

"Likate tena," Gethin alinong'ona. "Leo hii."

"Nifungwe? Na kondoo wangu awalishe nani?"

"Twende zetu bondeni, kaka," Olwen alimsihi. "Nakuomba."

Ifor alitikisa kichwa. Olwen akaondoka peke yake. Kila Jumapili alipanda hadi getini na mkate, na Ifor aliupokea bila kumkaribisha. Jumapili ya nne alisema, "Dada, uwe unaleta miwili."

Mzee Gethin alifariki 1958, Ifor 1969, shangazi 1984. Nyumba imefungwa. Kati ya binadamu wa habari hii, hakuna aliye hai.