Gunzi la Dirishani

Mzee Verlon Stidham alikutwa amekaa sakafuni, mgongo wake ukutani, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Upepo wa milimani ulikuwa ukiingia na kuchezea nywele zake chache za mvi.

Inspekta Wendell Fugate alivua kofia. Marehemu alikuwa amechimba makaa ya mawe pamoja na baba yake Wendell chini ya milima hii ya Kentucky, na mapafu ya wote wawili yaliharibikia humo. Baba yake Wendell alitangulia. Sasa ilikuwa asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, kila jiko bondeni lina bata mzinga, na zamu ya Verlon ilikuwa imefika.

"Baridi imemmaliza," alisema Konstebo Tackett. "Hali hii, halafu unaacha dirisha wazi? Hata ng'ombe ana akili ya kuingia zizini."

"Ng'ombe ana akili kukushinda wewe. Mtazame usoni."

Tackett alimtazama. Mashavu ya mzee yalikuwa ya waridi, kama ya mtu aliyetoka kucheza theluji. Maiti ya baridi ni nadra kupata rangi ile. Wendell aliwahi kuiona kwenye gereji moja, kwa mtu aliyeuawa na moshi wa gari, na hakuisahau.

"Kaboni monoksidi," alisema. "Gesi ya sumu."

Wote wawili waligeukia meko. Bomba la moshi lilikuwa limezibwa zamani, na ndani ya meko kumefungwa jiko la gesi la kuotea moto, lile lisilo na njia ya kutolea moshi nje. Linakula hewa ya chumbani na kupumua chumbani humo humo. Nusu ya bonde walikuwa nalo. Juu yake yalikaa magogo ya udongo yaliyofinyangwa yafanane na kuni. Gogo la mbele lilikuwa limekaa mshazari, na ukuta juu ya meko ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Alilifunga nani?"

"Fundi wetu, mzee Dorsey Combs, nani mwingine," alisema Tackett kwa sauti kubwa. "Si ndiye aliyemfungia na mama yako?"

Wendell alipiga picha jiko, ukuta, na dirisha lenyewe, lililoshikiliwa kwa kopo la maharage.

Jikoni alikaa Retha, binti wa marehemu, bado na koti. Mbele yake kulikuwa na pai mbili za maboga alizozileta asubuhi.

"Pole sana, dada Retha. Ulipomkuta, ulifanya nini?"

"Nilizima moto. Nikawapigia simu."

"Na dirisha?"

"Lilikuwa hivyo hivyo. Si unamjua baba? Majira yote ya baridi alilala dirisha wazi. Ukimwambia afunge, utadhani umemtukania mama."

"Hukugusa kingine?"

"Hapana." Macho yake hayakutoka kwenye zile pai. "Ni Dorsey, Wendell. Hata mtoto mdogo anayaona yale masizi."

Kabla bata mzinga hawajapoa mezani, bonde zima lilikuwa limeshatoa hukumu. Mtu alivunja vioo vya gari la Dorsey. Mwendesha mashtaka naye alipiga simu kuuliza inspekta anasubiri nini, kwani kuua bila kukusudia ni kosa linalojulikana.

Dorsey aliletwa kituoni. Lilikuwa pande la mtu, lakini siku ile kiti kilionekana kikubwa kwake.

"Uliyapanga vibaya yale magogo?"

"Kila gogo lina vishikizo vyake. Nililiweka kila moja mahali pake."

"Nimekuta moja limekaa mshazari."

"Basi kuna mtu ameligusa. Miali ikipiga gogo haiwaki sawasawa. Inatoa masizi, na inatoa sumu."

"Jiko lile si linajizima lenyewe?"

"Linajizima hewa safi ikipungua. Lakini kile kifaa kinapima hewa safi, sumu hakiijui. Magogo yakikaa ovyo, sumu inafika kwanza. Ndiyo maana kila mtu namwambia: usiguse magogo, usilale moto unawaka, na uache dirisha wazi kidogo. Verlon sikuwa na haja ya kumwambia hilo la dirisha. Mchimbaji gani atajifungia na moto? Yeye na gunzi lake."

"Gunzi gani?"

"Gunzi la mahindi, la kushikilia dirisha. Limekuwa jeusi kwa kushikwashikwa. Kwani hukuliona?"

Wendell alikuwa ameona kopo la maharage.

"Nilimfungia na mama yako, Wendell," alisema Dorsey taratibu. "Nenda kaangalie kazi yangu. Wamenivunjia gari, sawa, gari ni bati. Lakini mke wangu anaogopa kwenda kanisani. Na Verlon alikuwa rafiki yangu."

Wendell alikwenda. Alipiga magoti mbele ya meko ya mama yake huku mama akimuuliza kama amerudia kucheza na moto. Kila gogo lilikuwa kwenye vishikizo vyake. Alifungua dirisha kidogo, akambusu mama yake kichwani na kuondoka bila kula.

Siku ya pili daktari mchunguzi wa maiti alipiga simu.

"Ni kaboni monoksidi, kama ulivyosema. Lakini kuna jambo lingine. Chini ya kucha kuna rangi nyeupe na vibanzi vya mbao. Kucha mbili zimevunjika."

Wendell alirudi nyumbani kwa marehemu. Alikaa chini pale pale alipokaa mzee. Mlango ulikuwa karibu zaidi, lakini akili iliyotiwa sumu huelekea ilikozoea, na Verlon alizoea kuipata hewa dirishani. Mbona mtu akwaruze dirisha lililo wazi?

Alipitisha kidole kwenye fremu. Rangi ilikuwa na michubuko myembamba, na pembeni, kushoto na kulia, kulikuwa na matundu mawili yaliyozibwa kwa dawa ya meno. Kwenye pipa la taka la jikoni, chini ya maganda ya viazi, alilikuta gunzi.

Retha alikuwa kwake, akioka mikate ya wageni wa msiba. Wendell aliliweka gunzi mezani, ndani ya mfuko wa kuhifadhia vidhibiti vya kesi.

"Nimelikuta kwenye taka."

"Lilikuwa chafu," alisema Retha. "Glenna alikuwa anakuja."

Glenna alikuwa dada yake mkubwa, aliyeolewa mjini Cincinnati; mwaka huu angefika siku moja baada ya sikukuu.

"Dirisha lilipigiliwa misumari, dada Retha."

Retha alizima jiko, akakaa. Alipoanza kusema, alisema kwa uchovu.

"Mwaka jana Glenna alikula chakula cha sikukuu na koti mwilini. Akaniambia mbele ya wanawe, 'Baba anaishi kama mbwa wa nje, wewe unafanya nini siku nzima?' Aliniambia mimi, Wendell. Mimi ninayemwogesha. Nikaapa safari hii atakuta joto, na hatakuta vumbi. Nikayatoa magogo, nikayafuta, nikayarudisha. Jioni ya kuamkia sikukuu, baba alipoingia bafuni, nikapigilia dirisha misumari."

"Hakusema kitu?"

"Alilalamika kichwa kinamuuma. Nikasema ni mapafu tu. Akataka dirisha lake. Nikamwambia, vumilia baba, Glenna akiondoka nitaing'oa."

"Ukaing'oa amekwisha kufa."

"Ndiyo."

"Na mzee Dorsey?"

"Nilimsikia Tackett akimtaja. Nikadandia." Alijifuta uso kwa aproni. "Nisingeweza kumwambia Glenna. Ningeweza kwenda jela, lakini si kumwambia Glenna."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Wendell hakuona raha yoyote kufika mwisho wake. Alimsomea haki zake. Retha aliitikia kila moja kwa kichwa, kisha akauliza:

"Lakini hakuteseka, sivyo? Pale dirishani ndipo alipopenda kukaa. Wanasema ni kama usingizi."

Wendell alitamani kusema ndiyo. Lakini ripoti ingesomwa mahakamani, Glenna akiwa benchi la mbele. Afadhali aisikie hapa.

"Aliamka," alisema. "Alijaribu kulifungua. Rangi ya dirisha ilikuwa chini ya kucha zake."

Retha hakulia. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaikunja kana kwamba inamuuma.

Nje gari lilisimama. Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi, akaingia Glenna, macho mekundu, akamkumbatia mdogo wake kabla hajamwona Wendell.

"Retha, mdogo wangu. Njia nzima nimelia," alisema. Alivua koti lake, akalitundika kitini. "Afadhali hapa kwako kuna joto."

Retha alijitoa mikononi mwake. Alichukua gunzi kwenye mfuko, akaenda kwenye dirisha la jikoni, akalisukuma juu na kuliegemeza kwa gunzi lile. Lilikuwa kidhibiti, na Wendell alijua hivyo. Hakumzuia. Baridi iliingia, na Retha akageuka kumwambia dada yake alichokifanya.