Jiwe Lililochipuka Gizani

Tawi lilikutwa chini saa mbili asubuhi, limevunjika vipande vipande, na aliyelikuta alikiri kabla hajaulizwa.

"Ni mimi," alisema kijana mwongoza wageni, ambaye kila mtu alimwita Kurunzi. "Nimelivunja mimi. Nipelekeni."

Meneja wa pango, mtu mwepesi wa hasira, hakutaka kusikia zaidi. Tawi lilikuwa jiwe jeupe lililotokeza ukutani na kujipinda kama mmea uliokosa jua, na ndilo lililowaleta wageni kutoka mbali. Sheria ya eneo lile ilikuwa wazi: mwenye kuvunja jiwe la pango kwa makusudi huenda jela. Kurunzi akawekwa mahabusu, na kesi akapewa Inspekta mmoja, mwanamke mwenye kope nzito, ambaye wenzake walimwita Usingizi. Aliuliza maswali taratibu, kama mtu anayesimulia ndoto yake. Wahalifu kadhaa walikuwa wamemdharau, wakaja kuzindukia jela.

"Kesi imekwisha," Meneja alimwambia mlangoni mwa pango. "Mtu amekiri."

"Amekiri upesi mno," Inspekta alijibu. "Haraka haraka haina baraka, na kukiri nako ni hivyohivyo. Hebu tuingie."

Ndani palikuwa na uvuguvugu. Matone yalidondoka hapa na pale, moja karibu, jingine mbali, na baada ya muda Inspekta hakuweza kusema kama alikuwa akiyasikia au akiyakumbuka. Mawe yalining'inia kama mapazia, mengine membamba kama mirija. Alijikuta anatembea polepole na kusema kwa sauti ya chini, ingawa hakuna aliyekuwa amelala.

Katika chumba cha ndani kabisa walimkuta Daktari wa Mawe amepiga magoti. Alikuwa mtafiti, mrefu na mwembamba, na alizungumza na miamba zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Inspekta aliomba kuona mkoba wake. Ndani yake, kwenye leso, kulikuwa na kipande cha Tawi.

"Si nilisema?" Meneja alifoka. "Wameshirikiana hawa!"

"Nimekiokota asubuhi hii kisikanyagwe," Daktari alisema kwa hofu. "Afande, mimi nisingeweza. Ni kama kumvunja mtoto mkono."

"Basi nieleze huyo mtoto alivyokua."

Daktari akasahau hofu yake palepale. "Maji ya mvua yanapita kwenye udongo, yanabeba hewa iliyomo humo, yanakuwa makali kidogo. Ukali huo unatosha kuyeyusha chokaa. Yakifika humu pangoni, ile hewa inatoka na chokaa inabaki. Tone linaning'inia, linaacha pete nyembamba. Tone jingine, pete nyingine. Ndiyo hiyo mirija unayoiona juu."

"Hiyo inashuka chini. Tawi lilikwenda kando."

"Kwa sababu tundu lake la katikati ni jembamba kuliko unywele. Maji humo hayadondoki. Yananyonywa, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na yakifika nchani hayatoshi hata kufanya tone. Kwa hiyo jiwe halijui chini ni wapi. Linaota linakotaka."

"Halijui chini ni wapi," Inspekta alirudia. Maneno hayo yalimpendeza. "Na tundu likizibwa?"

"Maji hayakati tamaa. Yatatafuta ufa pembeni, jiwe liote hapo."

Inspekta akainua tochi, akamulika kisiki cha Tawi kilichobaki ukutani. Kilikuwa kimezungukwa na kitu cha rangi ya kahawia, kama utomvu mkavu. Kando yake, kwenye jiwe lenyewe, ulikuwa umechipuka mwiba mweupe usiozidi chembe ya chumvi.

"Ile ni gundi," alisema. "Na huu mwiba una umri gani?"

Daktari alisogea, akatazama mpaka Meneja akaanza kukohoa kwa kukosa subira. "Si wa jana," alisema mwishowe. "Kwa chumba hiki, mwaka na zaidi. Pengine miwili."

"Kurunzi ameanza kazi lini?"

"Miezi saba iliyopita," Meneja alijibu, na sauti yake haikuwa na moto tena. "Kabla ya hapo alikuwa dereva wa malori, mbali huko. Mama yake ndiye aliyeongoza wageni, miaka thelathini. Yule hana doa, Afande. Mgeni akigusa jiwe, alipigwa kofi mkononi kama mtoto."

Kwa hiyo Tawi lilivunjika zamani, likaungwa kwa gundi, na unyevu ukaila gundi polepole hadi usiku uliopita. Inspekta aliomba picha. Iliyobandikwa penye dirisha la tiketi ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Nyingine, ya mwezi uliopita, ilikuwa kwenye simu ya Meneja. Katika ya kwanza kijiti kirefu cha Tawi kilielekea mlangoni. Katika ya pili kilielekea ndani.

"Limeungwa kinyume!" Meneja alishangaa. "Na mimi napita hapa kila wiki!"

"Jiwe lisilojua chini ni wapi, nani atajua limegeuzwa? Ila aliyeliunga alikuwa amelishika mkononi. Kwa nini hakuona?"

Wakati wa kutoka, Inspekta alizima tochi kwa makusudi. Giza likamfunika kama blanketi. Alinyoosha mkono, akagusa ukuta, na chini ya vidole vyake jiwe lilikuwa laini kama mkono wa kiti cha zamani. Alipowasha tena aliona mstari mweusi unaong'aa, usawa wa nyonga, kutoka chumba cha ndani mpaka mlangoni.

"Mafuta ya ngozi," Daktari alisema kwa huzuni. "Yakishaingia, jiwe haliendelei kuota. Mtu ameshika hapa siku nyingi sana."

Kituoni Kurunzi alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani.

"Ulitumia gundi gani?" Inspekta alimuuliza.

"Gundi?" Macho yake yalihangaika. "Ya... ya mbao."

"Na ulilivunja lini?"

"Jana jioni."

"Jana jioni ukaliunga kwa gundi, nayo leo imezeeka. Wewe fundi kweli." Inspekta akaketi chini naye. "Mama yako anajua uko hapa?"

Kurunzi akainamisha kichwa. "Nimemwambia jirani aseme nimesafiri na wageni. Afande, nakuomba, niache nifungwe. Usiende nyumbani."

Inspekta alikwenda hata hivyo, saa kumi jioni. Picha ya dirisha la tiketi ilikuwa mfukoni mwake. Nyumba ilikuwa ndogo na safi, kila kiti mahali pake, na hakuna kitu hata kimoja sakafuni. Mama alikuwa mwanamke mkavu, mnyoofu, mwenye ulimi.

"Mwanamke mwenzangu na buti zote hizo," alisema Inspekta alipobisha hodi, kabla hajajitambulisha. "Karibu chai. Ukiwa na njaa, pole, mpishi kasafiri."

Alimimina chai bila kumwaga hata tone, ncha ya kidole chake ikiwa imepindia ndani ya mdomo wa kikombe. Inspekta alikitazama kidole hicho, na moyo ukamuuma. Alikuwa ameshajua, na alitamani asingejua. Akaweka picha mezani.

"Mama, itazame hii. Ni Tawi. Unaionaje?"

Mama aliipapasa, akaisogeza karibu na uso. "Nzuri. Walipiga vizuri."

"Niliiweka kifudifudi, mama. Unatazama karatasi nyeupe."

Mama akairudisha picha mezani. Nje mtu alikuwa akifagia, na sauti ya ufagio ilikuja na kwenda.

"Macho yaliniaga taratibu," alisema hatimaye. "Mwaka wa mwisho wa kazi sikuona kitu. Lakini mle ndani, mwanangu, nani anaona? Wageni walinifuata mimi, mimi nikafuata ukuta. Hakuna aliyejua. Siku hiyo mtoto mmoja aliteleza, nikamsikia, nikageuka kumdaka. Nilimpata. Mkono wa pili ukapiga Tawi."

"Ukaliunga peke yako."

"Nilirudi wageni walipokwisha kuondoka, na gundi ya viatu. Nilidhani vidole vyangu vinalijua." Alicheka kidogo, bila furaha. "Vilinidanganya."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Miaka yote nawapiga watu makofi wasiguse, kumbe mimi nashika kila siku! Na wakishajua, basi. Nitashikwa mkono kama mtoto mpaka nife. Mume wangu alishikwa hivyo alipougua. Niliona watu walivyoanza kumsemea akiwa amekaa hapohapo. Niliogopa hilo kuliko jela."

Inspekta akavuta pumzi. "Mama, mwanao hajasafiri. Yuko mahabusu. Amekiri kwamba ni yeye."

Kikombe kikagonga meza. "Mpumbavu," mama alisema, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta. "Alijua tangu aliporudi kwamba sioni na kwamba Tawi nililiunga mimi, ila hakuniambia. Mpumbavu wangu."

Akasimama. Inspekta alimpa mkono wake mlangoni. Mama akausukuma, akatembea hadi kwenye gari akigusa uzio kwa vidole.

Kituoni alisema yote mbele ya askari, Daktari na Meneja, akiwa amesimama wima. Meneja alikuwa amemwamini mwanamke yule kuliko mtu yeyote kazini, na bado alimwamini. Inspekta ndiye aliyesema. Kwa kuficha, mama angeitwa na kuonywa. Kwa kuvunja, hakuna sheria inayomfunga aliyenyoosha mkono kumdaka mtoto. Kurunzi afunguliwe.

Mlango wa chuma ukalia. Mama aligeuka upande wa sauti, kisha akasita. Mahali pale hakupajua. Hakukuwa na ukuta wala uzio karibu yake, na watu wote walikuwa wakimtazama, naye alijua hivyo. Aliinua mkono wake mbele, hewani.

"Uko wapi wewe?" aliita kwa nguvu, kila mtu asikie. "Njoo unishike. Sioni."