Kiapo Nilichomwapisha Mama Juu ya Mhogo

Wasomaji wenzangu, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nina mke na watoto watatu, na kichwani nina akili za kuku! Niliamini kwamba mhogo wa Serikali unamwotesha mtu mkia.

Msicheke... Ilisemekana yuko mtu Kibaha aliyeula, akaota mkia mrefu kama wa ng'ombe, akawa anaufunga kiunoni mithili ya mshipi. Kinyozi wake aliuona! Habari hiyo ilitufikia kwetu Chole, Kisarawe, upesi kuliko gari moshi, nami nikawasimulia watu elfu, na kila nikisimulia mkia unarefuka.

Mwaka ule mihogo yetu ilishikwa na ugonjwa. Majani yakajikunja, mizizi ikawa myembamba kama kamba. Bwana shamba akaleta mbegu mpya kutoka Kibaha, bure! Jirani yetu Bi Mwanahawa, Mwislamu, shoga wa mama yangu tangu usichana wao, akapanda shamba zima. Sisi Wakristo tulikuwa nyumba tano tu, na mwalimu wetu wa dini, Yohana, akatukataza. Alisema njaa ile ni mapenzi ya Mungu, tunapimwa kama Ayubu, na anayekimbilia mbegu za Serikali amemkataa Mungu.

Nikamtii! Tena nikajiona mtakatifu kuliko malaika.

Mama alipanda vipande kumi nyuma ya jiko. Niling'oa vyote, nikavichoma moto mbele ya macho yake. Kisha... mkono huu ninaoandikia na ukauke!... nikamshikisha msalaba, nikamwapisha kwamba mhogo ule hautaingia kinywani mwake.

Hakubisha. Alisema tu, "Haya, baba. Nimeapa mbele ya Mungu."

Njaa ikatukamua. Mama akakonda hata ningeweza kumwinua kwa kidole kimoja. Ajabu, watoto wangu walibaki na mashavu yao! Nikamshukuru Mungu kwa muujiza huo, mjinga mimi. Mama alifariki kabla masika hayajaanza. Pale kaburini Mwalimu Yohana akatwambia tusilie, ni mapenzi ya Mungu. Nami sikulia!

Mwezi uliofuata nilikwenda Marui kuwapa wajomba habari za msiba. Njiani, nyuma ya kichaka, nikakuta shamba la mhogo ule ule wa Serikali, limesitawi kama msitu. Na aliyeinama analima ni nani? Mwalimu Yohana!

Nikamuuliza, shamba hili la nani?

"Punguza sauti, ndugu yangu," akasema. "Mimi nina familia."

Ana familia! Na mimi nilikuwa na nini, mbuzi? Leo nimehitimu shule ya usiku, nina cheti ukutani, lakini nikilikumbuka jibu lile kalamu inataka kuvunjika mkononi. Ningeweza kuing'oa Marui yote kwa meno! Na bado hasira kubwa kuliko zote ni ile niliyo nayo juu yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, kanisa sijaliacha. Kumtii Mungu katika mateso ni jambo la kweli, nimemwona aliyelitenda. Lakini nawasihi, mtu akiwaambia njaa yenu ni mapenzi ya Mungu, katazameni kwanza shamba lake! Wala msimwapishe mwenzenu kwa hofu yenu wenyewe mkaiita imani.

Siku ile nilipotoka Marui nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanahawa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Wanao wameishi kwa mhogo wangu," akasema. "Kila siku mama yako alikuja, nikampikia, akaufunika kwa kanga akawapelekea. Nikimwambia shoga, onja japo kipande, anajibu, 'Mimi nimeapa. Wajukuu hawakuapa.'"

Na ujinga wangu, hata saa ile, ukanitoka mdomoni... "Sasa, bibi, na mikia?"

Akajibu:

"Kawavue nguo uwaangalie. Haumwoteshi mtu mkia, mwanangu. Ni mhogo tu."