Jiwe Lenye Meno

Kache alifua nguo asubuhi, akazianika kwenye veranda ya nyumba yao, ghorofani, mtaa wa Tudor. Nguo za mwanawe Kenga zilikuwamo; za bintiye hazikuwamo. Binti yake Joy alikuwa amezikwa juma lililopita.

Ndani, mumewe Ngumbao alikuwa akitafuta nyundo.

"Mama amesema kweli," alisema. "Tangu ulete jiwe hili, nyumba haina amani. Nalivunja."

Jiwe lenyewe lilikuwa taya lenye meno makali. Kache aliliokota karibu na Ziwa Viktoria, Ngumbao alipokuwa kibarua wa barabara huko. Sasa mkwewe alimwambia kila aliyekuja kuhani kwamba mkamwana ndiye aliyeleta mauti.

Mara hodi. Alikuwa Afaf, jirani yao anayefanya kazi makumbusho, Mji wa Kale. Aliiona nyundo.

"Subiri, kaka Ngumbao. Nilitazame kwanza."

Akaligeuza taratibu.

"Huu ni mfupa uliogeuka jiwe. Nadhani ni wa Anasinopa, mnyama wa kale aliyekula nyama. Aliishi zamani mno, kabla ya mwanadamu. Kizazi chake kimekwisha."

"Halina pepo?" Kache aliuliza.

"Halina, dada yangu. Daktari alisemaje kuhusu Joy?"

Kache aliinama. "Malaria. Alisema tulimchelewesha."

Ngumbao aliketi sakafuni. "Bora kosa lingekuwa la jiwe," alisema. Akalia, mara ya kwanza tangu maziko.

Afaf alingoja mpaka akatulia.

"Mkiona kitu kama hiki, msikiondoe. Msikivunje wala msikiuze. Wekeni alama, muwaarifu watu wa makumbusho. Mahali kilipolala ndipo penye habari zake. Mnapakumbuka?"

"Napakumbuka," alisema Kache.

Kesho yake walilipeleka taya makumbusho, wakaeleza mahali lilipotoka. Baada ya miezi, Afaf alileta habari: wataalamu walichimba palepale, wakapata mifupa mingine ya mnyama yule.

Ngumbao alimwambia mama yake mbele ya jamaa, "Mama, Kache hakuleta mauti. Joy alikufa kwa malaria, nasi sote tulichelewa."

Siku nyingi zilipita bila bibi huyo kumtazama Kache usoni.

Masika yalipoingia, Kenga, kaka yake Joy, aliamka na homa. Hakuna aliyetaja pepo wala mchawi. Bibi alikwisha kujitanda leso, yuko mlangoni.

"Mkamwana," aliita, "mbebe mtoto. Twende hospitali sasa hivi."