Mashine Mbili, Mdomo Mmoja

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote mtaani Bakoba. Jenifa wa duka la madaftari alikuwa amefagia kibaraza chake na kusukumia takataka upande wa jirani, kama kawaida yake, na jirani mwenyewe, Dastan, alizipita bila hata kuziona. Alifungua studio yake ya video, akaketi, akashika kichwa. Alikuwa amechoka. Si ule uchovu tunaoujua sisi, wa kuisha kwa chai na usingizi mmoja mzuri. Tangu wamzike Kagaruki, Dastan alikuwa akilala mapema na kuamka hoi, kana kwamba kuna mtu aliyeazima mwili wake na kuurudisha alfajiri.

Mle ndani mlikuwa na kompyuta mbili, yake na ya marehemu Kagaruki, mshirika wake. Vioo vya kuonyeshea picha vilikuwa viwili na spika jozi moja, vyote vimeungwa kwenye kiboksi cheusi chenye kitufe. Ukibonyeza, inawaka taa ya namba moja, na vioo vyote viwili pamoja na spika vinakuwa vya mashine ya Dastan. Ukibonyeza tena inawaka namba mbili, vinakuwa vya Kagaruki. Hawakuwa na uwezo wa kununua vingine, basi mmoja alikata na kuunganisha picha huku mwenzake akipiga soga kwa Jenifa. Aliyetaka zamu alisema neno moja tu: "Badili." Wateja wakishangaa, Kagaruki aliwaambia, "Mashine ni mbili, macho na mdomo ni vya wote."

Wala hawakuwa washirika wa kazi tu. Walikuwa wamechanjiana. Vijana wa leo, wenye simu za kupangusa, walikwenda kijijini Ngenge, huko Muleba, kwa mzee Ishengoma, baba mdogo wa Kagaruki, wakafanya omukago, ule undugu wa damu, kama babu zao. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja alipaka damu yake punje moja, mwenzake akaimeza. Wao walianza kwa utani. Ishengoma hakutania.

"Kuanzia leo chako chake, chake chako," aliwaambia. "Mmoja akitangulia, aliyebaki aje kaburini na punje ya kahawa, aitupe humo, aseme tumeachana. Asiposema, hamjaachana."

Kifo kilikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Masalu, mfanyabiashara wa dagaa kwenye visiwa vya Muleba, alikuwa anaoa, na zamu ya kwenda kupiga picha ilikuwa ya Dastan. Asubuhi ile Dastan aliona uvivu. Alimpigia mwenzake akasema, "Badili." Kagaruki akacheka, akabeba kamera, akaenda. Mtumbwi ulipinduka wakiwa wanaiona nchi kavu. Walipomtoa majini mdomo wake ulikuwa wazi, na walijaribu sana kuufumba kabla ya kufunika jeneza. Ulikataa.

Mjane wake, Felicitas, aliomba kitu kimoja tu: video ya mazishi, iwe tayari siku ya kuanua tanga. Nani mwingine wa kuipiga? Dastan alimzika rafiki yake akiwa nyuma ya kamera, amevaa spika za masikioni.

Sasa mchana huu, mvua ikiingia kutoka ziwani, akiikata video hiyo, alifika kwenye kipande cha kaburini. Jeneza limeshashushwa. Migomba imesimama kimya. Ishengoma akasogea ukingoni.

"Yuko wapi aliyekula naye kahawa?"

Waombolezaji wakatazamana.

"Aje amuage."

Kwenye vioo, kamera iligeuka taratibu, ikapita juu ya nyuso za waombolezaji, kana kwamba nayo inamtafuta mtu huyo. Dastan aliona aibu akiwa peke yake. Siku ile alikuwa amesikia. Lakini katekista alikuwa amesimama palepale na kitabu chake, na Dastan ni mwanakwaya. Watasemaje parokiani? Akajificha nyuma ya kamera, udongo ukaanza kumwagwa. Ishengoma alitazama moja kwa moja kwenye kamera kwa muda mrefu.

Kitufe kikalia.

Dastan hakuwa amekigusa. Vioo vikawa vyeusi, kisha vikawaka. Namba mbili. Mashine ya Kagaruki haikuwa imewashwa tangu msiba.

Ilikuwa video ya mazishi yaleyale. Ila imepigwa kutoka chini. Pembeni kuta za udongo mwekundu, juu kipande cha mbingu na majani ya migomba. Watu wanainama, wanachungulia. Mmoja wao ana kamera. Dastan alijiona mwenyewe, anatazama chini, hasemi kitu.

Udongo ukaangukia picha.

Spika zikaanza kutoa sauti ya maji. Maji yanayochemka ndani ya koo. Kisha, kwa shida, neno.

"Badili."

Alichomoa waya wa spika. Aliushika mkononi, auone kwa macho yake.

"Badili."

"Dastan," Jenifa aliita kutoka mlangoni. "Una mgeni?"

"Hapana."

"Basi anayekunong'oneza ni nani?" Hakungoja jibu. Alirudi dukani kwake akafunga mlango, mchana kweupe.

Dastan alimpigia simu Ishengoma. Mzee hakushangaa hata kidogo. "Anakuita, waitu, mwanangu," alisema. "Njoo na kahawa. Njoo umwache, kabla hajachoka kukungoja."

Kesho yake alipakia mashine ya Kagaruki kwenye pikapu ya Wilbert, mnunuzi wa ndizi, wakashika njia ya Muleba. Mfukoni alikuwa na tunda la kahawa. Lakini njia nzima alikuwa akijipigia hesabu zake. Kinachosumbua ni mashine, alijiambia. Mashine ikiondoka, waya ukikatika, yameisha. Alikuwa mtu wa waya, akaamini waya.

Nyumbani kwa marehemu, Ngenge, alikuta akina mama wa jumuiya wanasali rozari uani, na katekista yuko katikati yao. Felicitas aliipokea mashine ya mumewe kwa mikono miwili, akaiegemeza kifuani, akalia. Ishengoma aliizunguka akiitazama.

"Vioo viko wapi?"

"Nimevibakiza, tata," Dastan alimjibu kama anavyomjibu baba yake. "Nahitaji kufanyia kazi."

"Na spika?"

"Nazo pia."

"Umemletea kiwiliwili," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Macho na mdomo umemnyima. Haya, twende kaburini."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache tu kibanjani, kati ya migomba. Dastan alitazama wale akina mama. Alimtazama katekista, ambaye naye alikuwa akimtazama.

"Nitakuja Jumapili, tata. Leo nimechoka."

Ishengoma hakumbembeleza. Alimpa mkono wa kwaheri, akaushikilia kuliko kawaida.

Usiku ule Dastan alilala kama mtoto. Asubuhi uchovu wote ulikuwa umetoka. Alifungua studio akiimba wimbo wa kwaya na kumsalimia Jenifa kwa sauti kubwa, hata Jenifa akafurahi, akasahau. Alikaa mezani. Akatoa lile tunda la kahawa mfukoni, akacheka, akalitupa kwenye ndoo ya taka.

Simu ikaita. Felicitas.

"Shemeji," alinong'ona. "Hii mashine inazimwaje?"

"Chomoa tu waya wa umeme."

"Sijaichomeka. Iko chini ya kitanda. Inaongea. Inaniita kwa jina alilokuwa akiniita marehemu tukiwa wawili. Inauliza kama mtoto amekula."

"Ni sauti ya Kagaruki?"

"Hapana, shemeji. Ni yako."

Dastan alifungua mdomo amwambie atoke, amchukue mtoto, atoke humo ndani. Alisikia sauti yake ikisema, "Toka nje, shemeji." Ilisikika kwenye simu. Ilitokea kule Ngenge, chini ya kitanda. Kooni mwake haukutoka hata mkwaruzo.

Akajaribu tena. Kwenye simu, sauti yake ikaongeza maneno ambayo yeye hakuyasema.

"Asante, ndugu yangu. Sasa kapumzike."

Alikohoa. Alikohoa mpaka machozi, na kitu kikadondoka mezani. Punje moja ya kahawa. Ilikuwa imelowa, na damu iliyopakwa juu yake ilikuwa bado mbichi.

Dastan bado yuko Bakoba. Amenenepa, anaonekana mtu aliyelala vizuri; ukimsalimia anakuinulia mkono, neno halimtoki tena. Kile kiboksi alikichomoa siku ileile akampa Jenifa, na Jenifa anaogopa kukitupa. Kiko rafuni nyuma ya madaftari. Hakina waya hata mmoja, na taa ya namba mbili haijazima.