Mwanamke wa Kumi na Mbili

Jumamosi Kitale haina adabu. Mikokoteni ya ng'ombe, lori za mahindi na mabibi wa Kizungu na mbwa wao, wote wanaitaka barabara ile ile moja. Katikati ya vurugu hilo, mwaka wa 1956, Wabwile alikuwa ameketi barazani pa duka la Premji, mguu kwenye cherahani, penseli sikioni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka limesimama. Alijiona ndiye fundi bora kutoka hapo hadi Bungoma, na kusema kweli hakuwa amekosea sana.

"Fundi, huyu dada yake yuko kwetu."

Akainua kichwa. Mbele yake palisimama msichana mrefu, gauni la buluu lenye kola nyeupe, raba zilizopakwa chaki, kitambaa kipya kwapani. Wala hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama picha iliyoegemezwa nyuma ya cherahani: mwanamke wa Kijapani akichana nywele, vazi lake limemwagika mpaka sakafuni.

Picha hizo ndizo zilikuwa ugonjwa wa Wabwile. Kabla ya vita, majora ya vitambaa kutoka Japani yalikuja na picha moja moja ndani. Premji alimweleza kwamba zamani wanawake hao walichongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, na hizi zilikuwa nakala za kiwandani, kumi na mbili, kila moja na namba yake. Vita vikaja, picha zikakatika. Wabwile, aliyejifunza kukunja kitambaa kwa kuwatazama wanawake hao, alikuwa amewatafuta miaka minane katika masanduku ya watu. Mmoja alimpata kwa kumshonea mpishi suruali mbili. Sasa alikuwa nao kumi na mmoja ndani ya mkebe wa biskuti. Namba saba hakuwahi kumwona.

"Dada yake yupi?" akauliza.

"Yule anasoma barua. Anasimama hivi." Msichana akainamisha shingo, akakunja kiganja kana kwamba ameshika karatasi.

Wabwile akampenda papo hapo. Kama alimpenda msichana au aliipenda ile shingo ya picha, hilo hakujiuliza, na ndilo lililokuja kumponza.

"Unaitwa nani, mrembo?"

"Mimi nimeleta kitambaa, sikuleta jina."

"Basi nitaandika nini kwenye kitambaa? Ati 'mwenye maringo'?"

Akacheka. "Andika Nasimiyu. Nesi, hospitali ya Lugulu. Nahitimu na kupewa kofia mwezi ujao, na gauni likinibana nitakurudishia likiwa limechanika."

Gauni halikubana. Lilimkaa vizuri hata wauguzi wenzake wakaulizia fundi. Kuanzia hapo, kila Jumatano saa saba, Premji alimwachia Wabwile simu ya duka, na kule Lugulu mtu akatumwa kumwita Nasimiyu.

"Dakika tatu tu, mpenzi," Wabwile alisema, "kisha mtu wa eksichenji anatukata."

"Na dakika moja umeimaliza kwa kukohoa. Sema bana."

"Nimekukosa."

"Hiyo umesema wiki jana."

"Wiki jana ilikuwa kidogo."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja Nasimiyu akasema, "Kuja kwetu Kabuchai. Mayi anataka kukuona. Na ukae kama mtu, usilete maneno ya Kitale."

Wabwile alikwenda na rafiki yake Khaemba, tai shingoni, sukari na majani ya chai mkononi. Nyumba ya Mama Nanyama, mama ambaye Nasimiyu alimwita mayi, ilikuwa ya udongo, na ndani kuta zote zilikuwa zimebandikwa magazeti na kalenda kwa gundi ya unga wa ngano, kama nyumba nyingi za huko. Wakaketi chumba cha mbele. Mama akasalimia kwa mbali, akatoka kushika kuku. Nasimiyu akaenda jikoni, Khaemba akamfuata kuomba maji.

Upepo ukasukuma pazia la chumba cha ndani. Hapo juu ya kitanda, umri wa miaka mingi na moshi mwingi, alisimama namba saba akisoma barua.

Wabwile hakuwa mgeni wa mila. Alijua kwamba mwanamume anayeposa hakanyagi anapolala mama wa msichana. Hata kumpita karibu ni aibu. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini miguu haikumuuliza. Akaingia, akalowesha leso kwa mate, akatoa wembe wake wa kufumulia mishono, akaanza kwenye kona. Gundi ya zamani ni jiwe. Karatasi ikachanika pamoja na kibonge cha udongo, na mkono wa mwanamke, barua na yote, ukabaki kwenye leso yake.

Alipogeuka, Mama Nanyama alikuwa amesimama penye pazia, kuku mkononi. Alijifunika uso kwa leso yake ya kichwani, akageuka, akatoka.

Nasimiyu alimkuta uani.

"Uliingia kwa mayi?"

"Nasimiyu, ile picha..."

"Baba alinunua kitambaa kilichokuja na picha hiyo, mabaki ya kabla ya vita, akiwa likizo ya jeshi, kabla ya kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Nilikuwa na miaka minane. Mimi ndiye nilibandika. Hakurudi, Wabwile. Watu walimwambia mayi atoe huyo Mjapani ukutani. Akasema huyu hakumpiga bwana yangu, huyu naye anangoja barua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kumbe wewe siku ile Kitale hukuniona mimi. Uliona ukuta wetu."

"Nilikuona wewe!"

"Nenda."

Jumatano hiyo alipiga simu. Akaambiwa nesi yuko wodini. Jumatano iliyofuata, wodini. Ya tatu, Nasimiyu mwenyewe akashika.

"Unataka nini? Kuna kalenda nyingine kwa jirani."

"Nataka wewe."

"Na mimi nitajuaje?"

Simu ikakatika, na dakika moja haikuwa imekwisha.

Swali hilo likamkaa Wabwile kichwani. Usiku na mchana alijiuliza mwenyewe: nikiambiwa nichague kati ya picha na yeye, kukosa kipi kutaniuma zaidi? Akafungua mkebe, akawapanga wanawake wake kumi na mmoja mezani pa cherahani, akawatazama. Wazuri, wala hakukataa. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia asilete maneno ya Kitale. Akajua jibu, na alipolijua akapiga mluzi hata Premji akatoka kuangalia kulikoni.

Kwanza alimtuma mjomba wake, mzee Wepukhulu, apeleke blanketi na kondoo kumwomba mama radhi, kama inavyotakiwa. Vikapokelewa. Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, Wabwile akaingia Kabuchai kwa baiskeli, shati jeupe, mkebe nyuma, sufuria ya gundi ya unga ikining'inia kwenye usukani.

Nasimiyu alikuwa mlangoni. "Umefuata nini?"

"Kazi. Nipishe."

Akaingia chumba cha mbele, mahali panapomruhusu mgeni, akakunja mikono ya shati. Akampaka gundi mgongoni yule wa kuchana nywele, akambandika ukutani. Akafuata wa mwavuli, kisha wa kioo. Nasimiyu alisimama akitazama, na alipofika wa sita akamshika mkono.

"Wabwile, hizi hazitatoka tena, unajua?"

"Najua. Nilijaribu."

Akacheka na kulia pamoja. Kisha akachukua brashi, wakasaidiana kubandika waliobaki, gundi viwikoni.

Mwisho Wabwile akatoa leso mfukoni, akaikunjua. Ndani mlikuwa na ule mkono mdogo na barua yake. "Huu ni wa mayi. Mimi siingii huko. Mpelekee."

Nasimiyu akachota gundi kwa kidole, akapita ndani ya pazia alikokuwa mama yake. Wabwile akasimama na brashi yake, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kushona hakuwa na uhakika wa kitu chochote.

Kisha sauti ya Mama Nanyama ikatoka nyuma ya pazia. "Nasimiyu, mkono umekaa sawa?"

"Umekaa, mayi. Barua yake imerudi."

"Basi mwambie mkwe wangu atoke nje kidogo. Nataka kupita, na si vizuri tukutane."

Wabwile akatoka mbio mpaka uani, karibu aangushe sufuria. Nasimiyu akamfuata, akamkuta ameegemea baiskeli, anacheka peke yake.

"Umesikia alivyokuita?"

"Nimesikia. Na wewe unasemaje?"

Akamfuta gundi shavuni kwa kidole. "Mimi nasema uanze kushona gauni. Jeupe, na lisinibane."